Saizi ya ubao wa theluji: namba ile inapima nini?

Kila ubao wa theluji (snowboard), ule wa kusimama juu yake na kuteleza mlimani, una namba: 149, 154, 158. Hizo ni sentimita, kutoka ncha ya mbele ya ubao, iitwayo pua, hadi ncha ya nyuma, iitwayo mkia. Wengi hufundishwa kuichagua kwa njia moja tu: usimamishe ubao mbele yako, na ukiishia kati ya kidevu na pua yako, basi huo ndio wako. Kanuni hiyo ni ya zamani na inafaa kuanzia, ila inapima kitu kisicho na kazi kubwa mlimani. Ubao hauna habari na kimo chako. Kinachouelemea ni uzito.

Ubao hufanya kazi kama springi. Ukiuelemea unapinda, na kule kupinda ndiko kunakofanya ukingo wake wa chuma ung'ate theluji kwenye kona. Mtu mwepesi akipewa ubao mrefu anashindwa kuupinda, na ubao unakwenda unakotaka wenyewe. Mtu mzito kwenye ubao mfupi ana shida ya kinyume: akishika kasi ubao unatikisika, ukingo unaachia kwenye theluji ngumu, na kwenye theluji laini pua inazama. Chukua watu wawili wa kimo cha sentimita 175, mmoja kilo 60, mwenziwe kilo 90. Videvu vyao viko sawa, lakini wa kwanza ataona raha kwenye ubao wa takribani 152, na wa pili kwenye 160 hivi. Ndiyo sababu watengenezaji hutoa jedwali la uzito kwa kila modeli. Fuata hilo, na ujipime kwa kilo ulizonazo, si zile unazozitamani. Ukizoea kubeba mkoba mzito mgongoni, uhesabu nao.

Kipimo cha pili ndicho husahaulika, na kwa maoni yangu ndicho huharibu siku nyingi zaidi: upana. Miguu hukaa ikiwa imekingama juu ya ubao, vidole upande huu, visigino upande ule. Sehemu nyembamba ya katikati huitwa kiuno, nayo hupimwa kwa milimita. Kiuno kikiwa chembamba mno kwa buti zako, ukiulaza ubao kwenye kona ncha ya buti inagusa theluji, ukingo unanyanyuka, nawe uko chini kabla hujajua kilichotokea. Buti kutokeza sentimita moja hivi kila upande si kosa, tena kunakusaidia kuulaza ubao. Likitokeza sana ndipo taabu inapoanza. Anayevaa saizi 44 au 45 za Ulaya kwenda juu aangalie mbao pana, ambazo mara nyingi kiuno chake hufika milimita 260 na kuzidi. Mwenye mguu mdogo naye asikimbilie ubao mpana kwa kudhani ni salama zaidi: kila akitaka kuhama kutoka kisigino kwenda vidole ubao utachelewa kumfuata. Mbao zinazouzwa kuwa za wanawake kwa kawaida ni nyembamba kiunoni na laini zaidi, lakini mwanamke mwenye mguu mkubwa halazimiki kubaki kwenye rafu hiyo. Na kwa kuwa buti za saizi moja hutofautiana ukubwa kwa nje, ni vizuri kununua buti kwanza, ndipo ubao.

Mtindo wa kuteleza huja baada ya hayo, na kwa kawaida husogeza namba sentimita chache tu. Anayependa kuruka, kuzunguka hewani na kuteleza juu ya vyuma hushuka kidogo, achukue ubao laini wenye pua na mkia vilivyo sawa, ili aweze kutua akiwa ameelekea kokote. Anayetafuta miteremko mikali na theluji isiyokanyagwa hupanda kidogo, achukue ubao mgumu wenye pua ndefu, na nafasi za kusimama zikiwa zimerudishwa nyuma ili pua ielee. Asiyetaka kuchagua hubaki katikati ya jedwali, na wateleza wengi wako hapo. Tahadhari moja: ugumu huandikwa kwa kipimo cha 1 hadi 10, lakini hakuna kipimo cha pamoja kati ya viwanda. Tano ya huyu inaweza kuwa saba ya yule.

Utazame pia ubao ukiwa umelazwa sakafuni. Ukiinuka katikati kama upinde, huo ni kemba: hung'ata vizuri na hurusha kwa nguvu, ila humwadhibu anayekosea. Ukigusa katikati huku ncha zikiwa zimeinuka, huo ni roka: huelea na husamehe, lakini hutetereka kwenye barafu. Mbao nyingi za sasa huchanganya yote mawili. Anayeanza atapumua akipata roka au ubao bapa, laini, wa upande wa chini wa jedwali lake.

Kuna aina moja inayoivuruga hesabu yote: mbao fupi pana, zilizotengenezwa makusudi zipandwe zikiwa fupi kwa sentimita kadhaa kuliko kawaida yako. Upana hufidia eneo lililopotea kwenye urefu, kwa hiyo huelea vizuri na hugeuka upesi kati ya miti. Hapo kidevu hakikusaidii kitu. Soma jedwali la ubao wenyewe.

Kwa watoto, uzito una uamuzi mkubwa zaidi. Mzazi hushawishika kununua ubao mkubwa ili mtoto akue hadi umtoshe, kama anavyonunua koti. Koti kubwa halimzuii mtoto kutembea. Ubao usiopinda ukielemewa na mtoto wa kilo 25 unamzuia kugeuka.