Si kila pumu ya mtu mzima ni ya mzio

Wengi huamini pumu ni moja tu: huanza utotoni na huchokozwa na vumbi au manyoya ya paka. Kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Lakini ipo inayoanza mtu akiwa na miaka 40 hivi, bila mzio wowote, pengine ikiambatana na vinyama vya puani. Baadhi ya wagonjwa hao hubanwa kifua muda mfupi baada ya kumeza aspirini au ibuprofeni, na wao hudhani ni mafua.

Ipo pia ya kazini: mwoka mikate anayevuta unga, fundi anayepuliza rangi magari. Hii unaweza kuifuatilia kwa kipima kasi ya pumzi, kifaa kidogo cha kupulizia chenye kishale kinachoonyesha namba. Simama, rudisha kishale sifuri, jaza kifua, bana midomo kuzunguka mdomo wa kifaa (hewa ikivuja pembeni namba hushuka bure), kisha puliza kwa mkupuo. Rudia mara tatu, andika kubwa. Fanya hivyo mara nne kwa siku, wiki mbili hadi nne, siku za kazi na za mapumziko. Namba zikishuka kazini na kupanda nyumbani, mwonyeshe daktari daftari hilo kabla hujaacha kazi. Ukishaacha, kuthibitisha chanzo huwa vigumu.