Kuchonga ringi: pengo hupimwa ndani ya silinda, si kwenye boksi

Mtu akinunua seti ya ringi, zile pete za chuma zinazovishwa pistoni ili kuziba gesi, hapa Nakuru na kuona boksi limeandikwa jina la injini yake, huona kazi imekwisha: kilichobaki ni kuzivisha kwenye pistoni na kufunga hedi. Kwa silinda ambayo haijawahi kuguswa, huenda akabahatika. Lakini injini ninazoletewa kutoka Njoro, Molo na Subukia ni za mashine za kusaga unga na matrekta ya zamani, na zimeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Nyingine imepanuliwa mpaka kipimo ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Nyingine imetiwa slivu, yaani bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya wa silinda, iliyochongwa kwa lathe mtaani. Injini ya namna hiyo haina tena kipimo cha kiwandani. Kipimo chake ni silinda yenyewe, na ringi itachongwa kuifuata hiyo.

Kwanza tuelewane kwa nini ringi ina pengo, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili. Chukua injini ya dizeli ya Lister 6/1, au zile za muundo wake zinazotoka Rajkot kule India: silinda moja, magurudumu mawili mazito, nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Kipenyo cha silinda ni inchi 4.5, yaani milimita 114.3. Ukiinyoosha ringi yake utapata kama milimita 359 za chuma. Joto likipanda kwa nyuzi 100, chuma hicho hurefuka takriban milimita 0.4. Ukuta wa silinda nao hupanuka, ila umezungukwa na maji, kwa hiyo haufikii joto la ringi. Urefu huo wa ziada lazima upate pa kwenda, na pa kwenda ni pengo pekee.

Pengo likiwa dogo kupita kiasi, ncha mbili hukutana injini ikipata moto. Hapo ringi haina tena nafasi ya kurefuka, inaukandamiza ukuta kwa nguvu zake zote, inauchana, na mara nyingi huvunjika. Ukiifungua injini ya namna hiyo, angalia ncha za ringi ya juu. Zikiwa zinang'aa, zimelambana laini kabisa, basi zilikuwa zinagusana, na usimlaumu muuza oili.

Pengo likiwa kubwa, madhara huja polepole. Gesi hupenya kwenda chini, bomba la kupumulia hutoa moshi, oili huwa nyeusi upesi, na asubuhi injini hukataa kuwaka. Hapa mahali ulipo pana neno. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni karibu 1,850, na Molo ni zaidi ya 2,400. Hewa ya Molo ni nyepesi, kwa hiyo mgandamizo ndani ya silinda huanza ukiwa na upungufu, na baridi ya alfajiri huongeza shida. Pengo ambalo mwenye mashine wa Kisumu anaweza kuishi nalo miaka, kule Molo litamfanya mtu azungushe hendeli mpaka mabega yamuume.

Kanuni ya karakana ni elfu 3 hadi 4 za inchi (elfu moja hapa ni inchi iliyogawanywa mara elfu) kwa kila inchi ya kipenyo. Kwa silinda ya inchi 4.5 hiyo ni elfu 13.5 hadi 18, yaani milimita 0.34 hadi 0.46. Kitabu cha injini yako kikitaja namba nyingine, fuata kitabu.

Sasa kupima. Ringi huingizwa peke yake kwenye silinda, bila pistoni, kisha pistoni hugeuzwa kichwa chini na kutumiwa kuisukuma ishuke ikiwa imenyooka. Usiisukume kwa kidole. Ringi iliyolala upande itakupa pengo la uongo. Halafu tia vibamba vya fila, vile vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye pengo mpaka upate kile kinachopita kwa kukwaruza kidogo, bila kulegea na bila kulazimishwa.

Wapi upimie? Silinda iliyotumika haichakai sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na chini hubaki karibu na kipimo chake cha zamani. Kwa hiyo pengo la kuchonga lipimie chini, mahali pembamba zaidi ringi inapofika. Ukilipimia juu na kuridhika, ringi ikishuka ncha zitagongana. Kisha pima na juu pia, maana tofauti ya mapengo hayo mawili ukiigawanya kwa 3.14 inakupa tofauti ya kipenyo. Tuseme chini umepata milimita 0.40 na juu 1.03. Tofauti ni 0.63, ukigawanya unapata 0.2. Silinda imepanuka milimita 0.2 huko juu, na umejua hivyo kwa ringi na fila tu. Kwa hali hiyo mimi simfungii mtu ringi mpya. Namwambia tupanue silinda au tutie slivu.

Kuna mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga aliniuliza, "Fundi, hizi si mpya? Kuchonga tena ya nini?" Nikampa fila ashike mwenyewe. Kibamba chembamba kuliko vyote hakikuingia. "Mzee, ukiifunga hivi itakula silinda kabla gunia la kwanza halijaisha." Hakuuliza tena.

Kuchonga kwenyewe ni kazi ya utulivu. Tupa laini ndiyo inayobanwa kwenye jiliwa, si ringi. Ringi ya chuma cha kumwaga ukiibana na kuisukuma huvunjika kama biskuti. Ishike kwa mikono miwili, chonga ncha moja tu, ile nyingine iache na unyoofu wake wa kiwandani ikuongoze. Mwendo wa tupa uanzie upande wa nje wa ringi kuja ndani. Ringi zenye ngozi ya kromu ukizichonga kutoka ndani kwenda nje, ngozi hiyo humeguka ukingoni, na vipande vyake vitakwenda kuukwaruza ukuta. Mipapaso miwili mitatu, rudisha kwenye silinda, pima. Chuma ulichokiondoa hakirudi. Ukifika, pitisha jiwe laini kwenye kingo kuondoa makali, kisha futa vumbi lote.

Jambo linalonikera ni ringi za kuazima, yaani za saizi ya silinda nyingine. Saizi za juu, za silinda zilizopanuliwa, huuzwa kwa elfu za inchi: 10, 20, 30, 40. Mtu ana silinda ya 10, dukani kuna ya 20 tu, anaambiwa "chukua, fundi atachonga." Hesabu yake hii: elfu 10 za kipenyo ni karibu milimita 0.8 za mzunguko. Kuzichonga kunawezekana, na pengo litasoma vizuri kwenye fila. Tatizo haliko kwenye pengo. Ringi ilitengenezwa iwe duara kamili katika saizi yake. Ukiibana kwenye silinda ndogo zaidi, ncha zake hukandamiza ukuta na nyuma yake hubaki upenyo. Weka taa chini ya silinda, funika juu kwa kitambaa na uchungulie. Utauona mwanga ukipita ubavuni mwa ringi, na panapopita mwanga gesi itapita. Zaidi ya elfu 5 za tofauti mimi nakataa, hata mteja akiniambia jirani yangu amekubali.

Ringi hujisukuma nje kwa kujikunjua yenyewe, lakini hiyo ni nguvu ndogo. Kazi kubwa hufanywa na gesi inayoingia nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni na kuisukuma dhidi ya ukuta. Wazo la ringi ya chuma iliyokatwa na kujikunjua ni la John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, kwenye miaka ya 1850, na mji uliokua kwa reli kama huu wetu una deni kwake. Kwa kuwa gesi ndiyo husukuma ringi, mfereji ukiwa na masizi makavu, ringi nzuri kabisa hulala kimya na injini huvuta oili. Ukwangue mpaka ringi izunguke kwa uhuru.

Wakati wa kuvisha, upande wenye alama utazame juu, na mapengo yasipangwe mstari mmoja. Injini ikishawaka na kupata moto, usiiache inguruma bure siku nzima ukidhani unaitunza. Bila mzigo, gesi haisukumi ringi vya kutosha, na ukuta hupata utando laini wa kung'aa kabla ringi hazijakaa. Ipe mahindi, kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, na oili hiyo ya mwanzo uimwage mapema, maana ndani yake mna unga wa chuma.