Saa za Rubani Zinapovuka Bahari: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Rubani kijana aliyesomea Marekani akitaka kuhamishia leseni yake Ulaya, wenzake humtuliza kwa neno moja: "Saa ni saa. Ulizoruka hakuna wa kukunyang'anya."

Si hivyo. Muda uliokaa angani haufutiki, lakini kazi uliyokuwa ukiifanya ndani ya ndege hupewa jina jingine. Kanuni za Marekani zinamruhusu mwenye leseni kujiandikia saa za urubani mkuu kila anaposhika usukani peke yake katika ndege aliyoidhinishwa kuirusha, hata mkufunzi akiwa kando anamfundisha. Safari moja inaingia safu mbili: ya kufundishwa na ya urubani mkuu. Kwa kanuni za EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, kwa kawaida mkufunzi ndiye mkuu wa ndege hiyo, na wewe ni mwanafunzi. Tuseme logibuku yako, yaani daftari la kumbukumbu za safari zako, ina saa 120 za urubani mkuu, na katika 55 kati ya hizo ulikuwa ukifundishwa. Ulaya unabaki na 65, ilhali anayeipata leseni ya urubani wa kibiashara hatua kwa hatua anadaiwa 100 za urubani mkuu ndani ya jumla ya saa 200.

Linaloniuma zaidi ni la marafiki wawili wanaochangia kodi ya ndege ndogo, Cessna 172, ili kukusanya saa. Mmoja anavaa kizuizi cha macho na kuruka kwa kutazama vyombo tu. Mwenzake anaangalia nje kwa ajili ya usalama. Marekani, wakikubaliana kwamba mwangalizi ndiye mwenye dhamana ya ndege, wote wawili wanaweza kuandika urubani mkuu kwa muda huohuo. Ulaya inauliza: ndege hii inahitaji marubani wangapi? Mmoja. Basi wa pili alikuwa abiria, na saa zake zinatoka hata kwenye jumla. Nawasihi mnaosoma huko sasa hivi: kama mnapanga kuvuka, rukeni zamu kwa zamu, kila mmoja aandike zamu yake tu.

Wapo pia wanaosema leseni yao "ni ya ICAO," kwa hiyo inatambulika dunia nzima. ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, haitoi leseni kwa rubani yeyote. Hutoa viwango, na leseni hutolewa na nchi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 33, unazibana nchi kuitambua leseni iliyotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege. Ndiyo maana leseni ya Marekani pekee haikupi ruhusa ya kurusha ndege yenye alama ya usajili ya 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya ubavuni, wala ya Ujerumani. Na Uingereza ilitoka katika mfumo wa EASA mwisho wa 2020, kwa hiyo siku hizi London na Paris ni milango miwili tofauti.

Si kila kitu hupungua. Safari ya maili 40 za baharini kwenda kutua uwanja mwingine haihesabiki Marekani katika safari za masafa zinazodaiwa kwa leseni ya urubani wa kibiashara, kwa sababu huko sharti izidi maili 50. Ulaya hutazama kama uliifuata njia uliyoipanga kabla ya kuruka. Pitia upya safari zako fupi.

Kuna anayedhani dawa ni kununua logibuku mpya na kuandika kila kitu upya, kisha ya zamani anaitupa. Usithubutu! Ile ya mwanzo ndiyo ushahidi wako. Iache kama ilivyo, tengeneza nakala ya pili yenye safu za Ulaya, na kila mstari uoane na kumbukumbu za chuo na za ndege.

Katika kunakili, angalia nukta. Wamarekani huandika sehemu za kumi, kwa hiyo 1.3 ni saa moja na dakika 18, si dakika 3 wala 30. Ulaya inataka pia muda wa kuondoka na kufika kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, jambo ambalo Marekani haikulazimishi kuliandika. Anza kuliandika leo. Na ukiwa Afrika Mashariki kumbuka kwamba saa nne asubuhi yetu ni 07:00 UTC.