Shahidi mtaalamu: maana yake katika kesi ya radiamu ya New Jersey

Shahidi wa kawaida huieleza mahakama alichokiona au kukisikia mwenyewe, na akianza kutoa maoni, wakili wa upande wa pili humpinga. Shahidi mtaalamu ndiye anayeruhusiwa kuvuka mpaka huo: kwa sababu ya elimu au uzoefu wake, anaweza kueleza vipimo vina maana gani, hata kama hakuwapo tukio lilipotokea. Kuamua hubaki kazi ya jaji.

Haja ya shahidi wa namna hiyo ilionekana wazi katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1927 huko New Jersey, Marekani, na Grace Fryer na wenzake wanne dhidi ya kampuni ya United States Radium. Katika kiwanda cha mjini Orange walikuwa wakipaka namba za saa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, ili zing'ae gizani, nao waliinyoosha ncha ya brashi kwa midomo, kama walivyofundishwa. Miaka ilipopita meno yaling'oka na taya zikaoza. Hayo kila mtu aliyaona. Radiamu yenyewe, iliyojificha mifupani, hakuna aliyeweza kuiona.

Harrison Martland, daktari wa wilaya ya Essex aliyechunguza vifo, alikwisha kuonyesha mwaka 1925 kwamba mwili huipokea radiamu kama kalsiamu na kuiweka mifupani, ambako hutoa gesi ya radoni inayotoka na pumzi. Kwa hiyo hata aliye hai aliweza kupimwa. Mwanafizikia Elizabeth Hughes alizipima pumzi za wadai kwa elektroskopu, chombo kinachopoteza chaji yake ya umeme upesi palipo na mionzi, akaeleza matokeo mahakamani Januari 1928. Kabla ya hapo, Oktoba 1927, ulifukuliwa mwili wa Mollie Maggia, dada wa wawili kati ya wadai, aliyefariki mwaka 1922 na kuandikiwa kuwa ameuawa na kaswende. Mifupa yake ilikutwa na radiamu.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, kilikuwa muda, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo iliwapa wadai miaka 2 tu ya kufungua kesi baada ya kuumia. Wakili wao, Raymond Berry, aliegemea elimu ya wataalamu kudai kwamba madhara hayakukoma siku walipoacha kazi, bali radiamu iliyomo mwilini ilikuwa ikiwajeruhi kila siku. Hoja ya sheria hapo ilisimama juu ya fizikia.

Kampuni nayo ilikuwa na mtaalamu wake, Frederick Flinn wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye alimpima Fryer na kumwambia afya yake ni njema. Flinn hakuwa daktari wa tiba, na kampuni ndiyo iliyomlipa. Ndiyo sababu maswali ya dodoso, yaani yale ambayo wakili wa upande wa pili humwuliza shahidi, hugusa kwanza sifa za mtaalamu na anayemlipa, kisha maoni yake.

Hukumu haikutolewa. Juni 1928 pande hizo zilipatana: dola 10,000 kwa kila mdai, dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu. Malipo ya kila mwaka yangekoma endapo wawili kati ya madaktari watatu wangeridhika kwamba mdai amepona sumu ya radiamu, madini ambayo huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu.