Ardhi ndiyo inayokupoza: ninavyochagua godoro la upepo la kubeba mgongoni

Asubuhi katika kambi ya Shira au Barranco, mgeni akitoka hemani analalamika baridi, mimi humuuliza kwanza: ulipoa upande gani? Akinionyesha mgongo, nyonga, au bega la upande aliolalia, najua begi lake la kulalia halina kosa. Kosa liko chini yake.

Naongoza watu Kilimanjaro, na msimu ukiwa mdogo hushona mahema, hubadilisha zipu na kuziba magodoro ya upepo. Kwa hiyo magodoro haya nayajua usiku yakiwa kazini, na nayajua mchana yakiwa mezani kwangu yamepata pancha. Vijana wengi wa hapa nyumbani sasa wanapanda milima wenyewe, begi mgongoni, na wananiuliza godoro gani jepesi kuliko yote. Nawasihi waulize kwanza lipi linazuia baridi ya ardhi, halafu ndipo tuhesabu gramu.

Begi la kulalia, liwe la manyoya ya bata au la nyuzi za kiwandani, linakupa joto kwa sababu linashika hewa iliyotulia. Ukililalia, uzito wako unaibana ile sehemu ya chini na hewa yote inatoka. Kinachobaki kati ya mgongo wako na udongo ni kitambaa tu. Ardhi ni kubwa na imepoa tangu jua lilipozama, nayo itanyonya joto lako usiku kucha bila kushiba. Hata ile namba ya nyuzi joto iliyoandikwa kwenye begi hupatikana kwa kulaza sanamu yenye joto ndani ya begi, na chini ya sanamu hiyo kuna godoro. Mtu aliyenunua begi la bei kubwa kisha akatandika mkeka mwembamba hajapata joto alilolilipia.

Uwezo wa godoro kuzuia joto lisipite huandikwa kwa namba ya R. Zamani kila kiwanda kilipima kwa njia yake, na kulinganisha godoro la kampuni moja na la nyingine ilikuwa kazi bure. Mwaka 2018 kikatoka kipimo cha pamoja, ASTM F3340, na kufikia 2020 kampuni kubwa zilikuwa zinakitumia. Godoro hujazwa upepo, likawekwa kati ya sahani mbili, moja ya moto kama mwili na nyingine baridi kama ardhi, kisha hupimwa umeme unaohitajika ili sahani ya moto isipoe. Umeme ukihitajika kidogo, namba ya R inapanda. Na uzuri wa namba hizi ni kwamba zinajumlishwa: godoro la R 3 juu ya sponji ya R 2 linakupa R 5.

Mimi nagawa hivi, kwa uzoefu wa milima yetu. Usambara na sehemu za joto, R 2 inatosha. Nyanda za juu na kambi za kati za Kilimanjaro na Mlima Kenya, usishuke chini ya R 3.5 au 4. Kulala Barafu, au kambi yoyote inayopita mita 4,500 ambako maji ya chupa huganda, nataka R 5 na zaidi. Kama wewe ni mtu wa kuhisi baridi haraka, ongeza moja. Wanawake wengi ninaowaongoza huhisi baridi ya ardhi mapema kuliko wanaume, na hata vipimo vya mabegi ya kulalia vinatenganisha namba mbili kwa sababu hiyo. Dada akiniambia anaogopa baridi, simbishii, namtafutia godoro lenye R kubwa zaidi.

Sasa gramu. Therm-a-Rest, kampuni ya Seattle iliyoanza na magodoro yanayojijaza yenyewe miaka ya 1970, ina sponji ya kukunja iitwayo Z Lite Sol: gramu 410, R 2. Kampuni hiyohiyo ina godoro la upepo la NeoAir XLite NXT: gramu 370, R 4.5, unene sentimita 7.6. Kaka yake, XTherm NXT, ana takriban gramu 440 na R 7.3. Yaani XLite la upepo ni jepesi kuliko sponji na linazuia baridi mara mbili, na likikunjwa linatoshea ndani ya begi badala ya kuning'inia nje. Linafanya hivyo kwa tabaka nyembamba zinazong'aa zilizopangwa ndani, zinazoirudisha joto mwilini na kuzuia hewa isizunguke. Bei yake ndiyo inayouma: dola 200 za Marekani na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru.

Mtandaoni yamejaa magodoro ya rangi nzuri, mepesi kwelikweli, bei ya chini, na kwenye maelezo hakuna namba ya R popote. Hayo ndani ni upepo mtupu. Upepo mtupu katika chumba kinene husukumwa huku na huku kila unapogeuka, na joto la mgongo wako hupita humo hadi ardhini. Kama muuzaji hakuandika R, mimi nahesabu kwamba haipo. Niliwahi kununua mawili ya namna hiyo kwa ajili ya kukodisha, na moja lilirudi na kijana aliyekesha ameketi, amekumbatia magoti. Nilimrudishia pesa zake zote na bado lile jambo linaniuma.

Kuna somo moja ambalo nalirudia kila safari. Dada mmoja kutoka Dar aliniita saa nane usiku pale kambi ya Karanga: "Kaka, godoro linavuja, limelegea kabisa." Nikalikagua kwa tochi. Halikuvuja. Alilijaza saa tisa alasiri, hema likiwa juani, hewa ya ndani ikiwa nyuzi 25 hivi. Usiku ilikuwa imeshuka chini ya sifuri. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 3 chini ya sifuri hupungua ujazo karibu sehemu moja ya kumi, hata kama hakuna tundu lolote. Nikaliongeza upepo, akalala. Kwa hiyo jaza nusu mchana, kisha malizia unapoingia kulala, hewa ikiwa imeshapoa. Na kinyume chake ni hatari zaidi: godoro lililokazwa usiku likaachwa hemani jua linapochomoza, hewa hupanuka na kuta za ndani zinaachia. Utaona uvimbe kama mimba katikati ya godoro. Huo hautibiki, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Usilijaze kwa mdomo ukiwa juu. Pale Barafu shinikizo la hewa ni kidogo zaidi ya nusu ya lile la pwani, kichwa tayari kinagonga, na pumzi 20 za nguvu zinakutia kizunguzungu. Pia pumzi yako ina unyevu, nao ukibaki ndani huota ukungu, au baridi ikizidi unaganda kuwa chembe za barafu. Magodoro mazuri huja na mfuko mwepesi wa kupulizia: unaufungua, unaunasa upepo, unaukunja, godoro linajaa kwa mikunjo michache. Ukipoteza mfuko huo, tafuta mwingine kabla ya safari.

Pancha. Huku kwetu adui ni wawili: miiba ya migunga kwenye nyanda za chini, na mawe ya volkeno huko juu, yenye ncha kama kioo kilichovunjika. Kitambaa cha godoro jepesi kina uzi wa denieri 15 hadi 30 (denieri ni kipimo cha unene wa uzi), chembamba kuliko cha makoti mengi ya mvua. Safisha uwanja kwa kiganja kabla ya kusimamisha hema, kila jiwe, kila kijiti. Likitoboka, lijaze likaze, pitisha midomo iliyolowa karibu na kitambaa polepole, utahisi ubaridi wa upepo. Au pakaza maji ya sabuni uone mapovu. Zungushia kalamu. Toa upepo wote, futa kwa spiriti iliyo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, subiri pakauke, bandika kiraka kilichokuja na godoro, weka buti juu yake na uliache saa kadhaa.

Nawaomba sana, msilipeleke kwa fundi pancha wa baiskeli. Namheshimu fundi huyo, lakini solusheni yake imetengenezwa kwa mpira na haishiki vizuri kwenye nailoni, na ile pasi yake ya moto inayeyusha kitambaa. Nimepokea magodoro matatu yaliyopitia huko na sikuweza kuyaokoa. Gundi inayofaa ni ya poliyurethani, tyubu ndogo, uibebe daima.

Kuhusu umbo sina maneno mengi. Anayelala chali anaweza kuchukua lile jembamba la sentimita 51 linalopungua miguuni. Anayelala ubavu au kugeukageuka achukue la sentimita 64, lenye unene wa sentimita 7 au zaidi, ili nyonga isiguse chini. Kelele za baadhi yao, kama karatasi inayokunjwa, huzoeleka kwako lakini si kwa unayelala naye hemani.

Kilimanjaro mizigo hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, na kila mzigo hupimwa getini usizidi kilo 20, kwa hiyo mgeni hapati faida kubwa kwa kupunguza gramu 70. Anayezihitaji ni anayebeba mwenyewe, mathalani anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon kuelekea kambi ya Shipton's. Lakini nikiwa kiongozi nakagua pia hema la wagumu. Nimeona vijana waliobeba magodoro manene ya wageni siku nzima wakilala juu ya gunia. Sasa kila safari yangu ina sponji ngumu ya kila mgumu, na nazihesabu getini kama ninavyohesabu mitungi ya gesi.

Begi langu mwenyewe kwa Mlima Kenya lina godoro la upepo la R 4.5 na kipande cha sponji kutoka mabegani hadi magotini. Wenzangu wengine huweka sponji juu ya godoro, wakisema joto ni zaidi kidogo. Mimi naitandika chini, kwa sababu ya mawe.