Nambari iliyo mbele ya x si mteremko, subiri kwanza

Juma hili nimeisikia mara ya nne, safari hii kwa kijana anayejiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hapa Bukavu, Kongo: "Mwalimu, katika 3x + 2y = 12 mteremko ni 3, si ndiyo iko mbele ya x?"

Hapana. Inakuwa mteremko, yaani kiasi y inachopanda au kushuka kila x ikiongezeka moja, pale tu y inapobaki peke yake, y = ax + b: a ni mteremko, b ni y pale x ikiwa 0. Hapa y bado imebeba 2. Toa 3x pande zote mbili: 2y = −3x + 12. Gawanya kwa 2: y = −3/2 x + 6. Mteremko ni −3/2. Kijana alikosa nambari, akakosa na alama ya kutoa.

Anayebisha nampeleka sokoni Kadutu. Tuseme una faranga elfu 12, kikombe cha sambaza, wale samaki wadogo, ni elfu 3, kilo ya unga wa muhogo elfu 2. x ni vikombe, y ni kilo. Usiponunua sambaza unarudi na kilo 6: ndiyo b. Kila kikombe unachoongeza kinakunyang'anya kilo moja na nusu ya unga: ndiyo −3/2. Ukifika vikombe 4, unga hakuna. Ile 3 ni bei ya sambaza tu! Mama yeyote pale anakupigia hesabu hiyo bila kalamu.

Yako na mengine ninayoyasikia. "Gawanya x, b haiguswi." Basi y = −3/2 x + 12, na kwa pesa ileile umepata kilo 12 za unga. Nionyeshe duka hilo.

"Nambari ikivuka alama ya usawa inageuka, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa." Hili tulilileta sisi walimu. Hakuna kinachovuka, unatoa kiasi kilekile pande zote. Aliyezoea kuvusha, akifika −4y = −5x + 8, anagawanya kwa 4, eti ile alama ya kutoa imeshageuka. Kigawanyo ni −4: y = 5/4 x − 2.

"Kila mstari unaandikika hivyo." Si ule wa wima. x = 4 haina y ya kutenga, na mteremko wake haupo. Sifuri ni ya y = 4, uliolala.

"Desimali ni safi kuliko sehemu." Hapa nina ugomvi wangu binafsi. Sehemu inakuchorea mstari: kwa −3/2, anza kwenye 6 ya mhimili wa y, hatua 2 kulia, 3 chini, unatua (2, 3). Irudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo: 6 na 6, 12.