Mistari ya mawe kwenye plasta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Tabora nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na wapo wenye nyumba ambao ikifika zamu ya plasta ya nje huomba ukuta uchorwe mistari, uonekane kama wa mawe ya kuchonga. Naipenda kazi hii, ndiyo maana huniuma ikiharibika kwa sababu ya maneno ya saiti.

Linalonisumbua kuliko yote ni hili: "Fundi, nichoree mistari ili plasta isipasuke." Si kweli. Mfuo ule una kina cha milimita 3 hadi 5 tu, haufiki kwenye tofali. Kiungo cha kweli cha kuupa ukuta nafasi ya kutanuka hukata plasta yote na ukuta wenyewe. Nyufa zina sababu zake: msingi uliotitia, tofali kavu lililonyonya maji ya plasta, jua kali la Oktoba lililokausha kazi kabla haijakomaa. Tena ufa ukifuata mstari hujificha humo, na mvua za Novemba zikianza, maji yanapita pasipo mwenye nyumba kujua. Kinga ni kulowesha ukuta kabla ya kupiga plasta, na kuimwagilia maji siku saba baada ya hapo.

Saruji nyingi nayo si kinga. Ndoo moja kwa tano au sita za mchanga uliochekechwa inatosha. Ukizidisha saruji, plasta husinyaa zaidi inapokauka, na husinyaa ikiwa imeshikwa na tofali lililo laini kuliko yenyewe. Hapo lazima ipasuke au ibanduke.

Wengine husema mistari inaweza kusubiri, itakatwa baadaye kwa grainda. Nimeona matokeo yake: kingo zimemeguka, na plasta iliyotikiswa inalia debe tupu ukiigonga. Wakati wake ni pale kidole kikibonyeza kinaacha alama hafifu bila kuzama. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo ukuta unaotazama magharibi ufanye asubuhi, na usipige plasta eneo kubwa kuliko utakaloweza kuchora siku hiyo hiyo. Msumari huchana kingo. Nondo nyembamba iliyokunjwa na kulainishwa ncha, ikivutwa kando ya ubao ulionyooka, huacha mfuo safi.

Kuna wanaodhani huu ni mtindo wa juzi. Kuta za Pompeii, mji wa kale wa Italia, zilitiwa lipu ya kuigiza mawe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na London ya karne ya 19 ilijaa nyumba za matofali zilizovishwa lipu yenye mistari. Hata saruji yenyewe iliitwa kwa jina la jiwe: fundi Mwingereza Joseph Aspdin alipoisajili mwaka 1824 aliiita Portland kwa kuwa ilifanana na jiwe la Portland, huko Uingereza.

La mwisho ni kudhani kwamba vipimo havina maana, kwa vile ni mapambo. Ukuta wa sentimita 270 ugawe safu 9 za 30, usibaki na kipande chembamba juu. Mstari wa wima uangukie katikati ya jiwe la chini yake. Zungusha mpira wa maji wa kupimia usawa nyumba nzima kabla ya kuchora, ili mistari ya pande mbili ikutane kwenye kona.